Wiki Moja ya Mwaka 1912: Shajara ya Mradi wa Uani Kwetu, Pangani

Jumamosi, 11 Mei 2024. Swali na masharti

Nafundisha historia sekondari, hapa Pangani. Kila mwaka nasomesha enzi ya Mdachi, yaani Mjerumani: Abushiri aliyempinga alivyonyongwa mji huu huu Desemba 1889, kodi ya nyumba iliyoanza 1898, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wanafunzi wanazikariri tarehe na wanafaulu. Mwezi uliopita binti yangu wa kidato cha pili akaniuliza jambo ambalo halimo kitabuni: "Mama, mama yake bibi alikuwa anashinda anafanya nini, kutwa nzima, bila simu wala televisheni?" Nikamjibu kazi za nyumbani. Akauliza zipi. Nikataja kuteka maji, kutwanga, kupika. "Sasa hizo si zinaisha saa nne asubuhi?"

Sikuwa na jibu, na swali likanikaa rohoni. Najua mikataba ya wakubwa kwa siku na mwezi, lakini siku ya kawaida ya mwanamke wa nyumba hii siijui hata saa moja yake. Ndipo nilipoamua tuishi wiki moja uani kwa vyombo na vyakula vya wakati huo, tukiandika kila kitu: muda, gharama, kilichoharibika. Naiweka shajara hii wazi ili mwalimu au familia yoyote inayotaka kufanya hivi ianzie tulipofikia sisi.

Nimechagua 1912 kwa sababu bibi yangu mzaa mama, ambaye tunaishi naye na ana miaka 88, anasema mama yake mwaka ule alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, katika kiwanja hiki hiki. Tena ni mwaka ambao Pangani ilikwisha kuona mabadiliko: reli ya Tanga ilikuwa imeshafika Moshi, na bidhaa zilizokuwa zikishukia mdomo wa mto wetu zikawa zinapitia Tanga.

Tuko saba: mimi, mume wangu, watoto watatu, wifi yangu na bibi. Moto, maji, taa na chakula viwe vya 1912. Mambo matatu hatuigi: dawa, chandarua, na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Bibi ndiye aliyenisisitizia la dawa. Mama yake alikuwa na makovu ya ndui usoni, na ndui ni ugonjwa ambao wanangu hawajawahi kumwona hata mtu mmoja aliyeupata. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida duniani alipatikana Somalia mwaka 1977, pwani hii hii ya kwetu ukipanda kaskazini.

Jumamosi, 18 Mei. Kutafuta vyombo

Kinu na michi miwili, shilingi 45,000. Mtungi 15,000. Vyungu vinne kwa 7,000 kila kimoja. Kifumbu cha kuchujia tui 4,000. Mbuzi ya nazi, ungo, kawa na jamvi tunavyo nyumbani siku zote, na hilo lenyewe lilinifurahisha: miaka mia na zaidi, na bado nazi tunaikuna tumekaa vilevile.

Kilichonisumbua ni debe. Nilidhani ni kitu rahisi, maana sokoni kila siku tunasema debe la mahindi, debe la mkaa. Kumbe kinachopimiwa siku hizi ni ndoo ya plastiki, jina tu ndilo limebaki. Debe lenyewe ni bati lililokuja na mafuta ya taa kutoka ng'ambo, mawili mawili katika sanduku la mbao, kila moja lita kama 18. Mafuta yakiisha, bati likawa chombo cha maji, kipimo cha nafaka, mlango wa banda la kuku, na likikatwakatwa linatoka kibatari. Nilizunguka siku tatu kabla sijapata mawili ya bati kwa mzee anayepika chokaa, 12,000 yote mawili. Ukianza mradi kama huu, anza na debe.

Kibaba nacho watoto wanakijua kwenye methali tu. Nikakata kibuyu nikakipima: vibaba vinne pishi moja, na pishi ya mchele ni karibu kilo 2 na robo tatu.

Jumamosi, 25 Mei. Jiko, na mawe yaliyopasuka

Jiko tumelijenga pembe ya ua. Nguzo nne, kombamoyo za kubeba paa, pau za kufungia makuti, paa la makuti. Makuti 120 yametoka Bweni, ng'ambo ya mto, kwa 600 kila moja, miti na fito 58,000, fundi 60,000. Fundi alitaka afunge kwa nailoni. Nikamwambia hapana, tufunge kwa katani, na wala hatukukosea mwaka: katani ya nchi hii ilianzia jirani yetu Kikogwe, mwaka 1893, kwa miche 62 tu iliyofika hai kutoka Florida. Kufika 1912 kamba ya katani isingekuwa ajabu Pangani. Kamba, 8,000.

Kosa la kwanza ni langu. Kwa mafiga niliokota mawe matatu mazuri ufukweni, ya matumbawe, mepesi, yamekaa sawasawa. Nikawasha moto wa kujaribu. Baada ya dakika ishirini hivi likasikika pa! kama bunduki, na kipande cha jiwe kikampita mwanangu wa mwisho karibu na sikio. Nilitetemeka mikono mpaka jioni. Bibi alipotoka ndani na kuyaona alishika kichwa. Mawe ya pwani yana maji na hewa ndani; yakipata moto hupasuka, na yakichomwa sana huwa chokaa. Ndiyo yanayochomwa kwenye tanuri mpaka leo! Mafiga lazima yawe mawe magumu ya bara, au ya udongo wa kufinyanga. Nimeleta mawe meusi kwa bajaji, 10,000, na kwanza nimeyaweka juani siku mbili kisha nikayawashia moto mdogo mdogo watoto wakiwa mbali. Tafadhali msiruke hatua hii.

Jumanne, 28 Mei. Paa linavuja, moshi unarudi ndani

Masika bado hayajatuaga. Mvua ya usiku imelowesha kuni zote. Fundi alizipanga pau kwa nafasi ya shibiri nzima ili makuti yatoshe, nami sikujua kumkatalia. Mzee jirani aliyeezeka nyumba tangu ujana wake alisimama chini, akatazama juu, akaniambia mbingu inaonekana. Nafasi isizidi kiganja, na paa liwe la mwinuko mkali ili maji yasikae. Tumefumua upande mmoja, tukaongeza makuti 40 (24,000) na fundi nusu siku (15,000).

Kosa jingine ni mlango wa jiko. Tuliuelekeza kusini, na huu ni msimu wa kusi. Upepo unaingia moja kwa moja, unapeperusha majivu kwenye chungu, moto unakula kuni mara mbili. Hatukubomoa. Tumekandika kiambaza cha udongo kimo cha kiuno upande wa kusini, tukafungua kaskazini. Kazi ya nusu siku, gharama hakuna.

Jumapili, 2 Juni. Vyungu

Viwili kati ya vinne vimepasuka siku ya kwanza. Nilivitoa sokoni, nikaviosha, nikatia maji ya baridi, nikaviinjika juu ya moto mkubwa. Cha kwanza kililia kidogo kama kuku aliyeshikwa, ufa ukapita kutoka mdomoni hadi kitakoni, maji yote yakazima moto. Nikafikiri ni kibovu. Cha pili kikafanya hivyohivyo.

Wifi yangu akampigia simu shangazi yake Muheza, na huyo ndiye aliyetufundisha. Chungu kipya kinalowekwa usiku kucha. Asubuhi kinapakwa mafuta ya nazi ndani na nje, kinawekwa juu ya makaa, si moto wa ndimi, na ndani yake unapika uji mwepesi sana mpaka ugande pembeni. Ule uji unaziba vitundu vidogo vya udongo. Unaumwaga, unarudia kesho yake. Baada ya hapo chungu hakitiwi maji baridi kikiwa cha moto, wala hakiwekwi chini kwenye sakafu ya baridi. Kinakalia kata, yaani pete ya majani. Vyungu viwili vingine, 14,000. Mpaka leo havijavuja.

Jumamosi, 8 Juni. Jaribio la siku moja, limeshindwa

Hili ndilo la kusomwa kwa makini kuliko yote.

Niliamua nifanye siku moja mwenyewe, kama ninavyodhani mama wa nyumba alivyofanya, na mwanangu wa kiume akae na saa na daftari. Nimeamka saa kumi na nusu alfajiri.

Maji kutoka kisimani, madebe manane: saa 3 na dakika 10. Kisima hakiko mbali, ila kuteka ndiko kunakochosha, na debe lililojaa unapolipandisha kichwani peke yako nusu linakumwagikia. Maji yenyewe ni ya ukali, tumeyatumia kuoshea na kufulia tu. Ya kunywa yamechotwa bombani. Kuni: saa 2 na nusu. Kutwanga mpunga na mtama, kupepeta, kuchagua: saa 3 na dakika 20. Nazi tano, kukuna na kukamua: dakika 55. Kupika na kuchochea moto: saa 4 na dakika 15. Kufua: saa 1 na dakika 40. Kufagia ua na kuosha vyombo: saa 1 na dakika 20.

Jumla saa 17 na dakika 10. Kazi zile zile, kwa gesi, maji ya bomba na mchele wa dukani, nimezipima wiki iliyotangulia: saa 4 na dakika 25. Na hapo mashine ya kufulia hatuna.

Sijaifikisha hata hiyo siku mwisho. Kufika magharibi viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, la kidole gumba limepasuka, mchi una damu. Wali ulikuwa na chenga nyingi hadi ukawa kama bokoboko. Nimewalisha wanangu saa mbili na nusu usiku, na bibi nimempa mkate wa dukani kwa aibu. Kutwanga kisamvu, kushona, kumnyonyesha mtoto, kwenda shamba, kumwuguza mgonjwa, hakuna hata kimoja kilichoingia katika zile saa kumi na saba. Basi hesabu yangu ina kasoro mahali. Mwanamke mmoja hawezi kuwa aliyafanya haya kila siku ya maisha yake, akalima, akazaa.

Jumapili, 9 Juni. Bibi

Nimekaa naye barazani baada ya alasiri, mikono nimeifunga vitambaa. Nikamwambia, "Bibi, saa hazitoshi. Mama yako alifanyaje?"

Akanyamaza muda mrefu. Bibi huniita mke mwenzangu tukitaniana, lakini safari hii aliniita kwa jina langu. Akasema, "Mama yangu hakuwa akitwanga."

Nani alitwanga? "Walikuwapo watu." Watu gani? Akageuza uso akatazama mto. Halafu, polepole, akaniambia alichosimuliwa na mama yake: nyumba hii ilikuwa na wajakazi wawili, yaani watumwa wa kike, na mzalia mmoja, mtumwa aliyezaliwa huku huku pwani. Mmoja wa wajakazi alikuja pwani mdogo, kutoka bara, wala hakukumbuka njia aliyopitishwa. Huyo ndiye aliyekuwa wa kinu. Alianza kabla ya adhana ya alfajiri, na mama yake bibi, akiwa mtoto, aliamshwa na mlio wa mchi kila siku ya utoto wake. Aliupenda mlio ule. Alidhani ndiyo sauti ya asubuhi.

Nimefundisha utumwa miaka kumi na minne. Nafundisha misafara, soko la Unguja, mashamba ya miwa ya mto Pangani, mikataba ya kupiga marufuku biashara. Wanafunzi wangu wanajua kwamba Unguja hali ya utumwa iliondolewa kisheria 1897. Lakini sikuwahi kukaa nikatafakari kwamba upande huu wa bara Mdachi hakuuondoa kabisa. Amri ya 1904 ilisema watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru; waliotangulia wakabaki walivyo, isipokuwa wajikomboe au waachwe. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Kwa hiyo katika mwaka wangu wa 1912, mwaka niliouchagua kwa furaha, mtoto wa miaka sita angeweza kucheza katika ua huu akiwa huru, na mama yake aliyeshika mchi akiwa bado mtumwa.

Nilijiuliza kama niuache mradi. Bibi ndiye aliyekataa. "Umeshauanza, umalize. Ila usiandike kama kwamba sisi ndio tuliochota."

Nimebadili mpango. Daftari la muda litakuwa na safu mbili: aliyeifanya kazi leo, na ambaye angeifanya 1912. Kila mmoja wetu, hata mume wangu na mwanangu, atateka na kutwanga, nasi tutajua kwamba hapo hatuigi kitu bali tunagawana mzigo ambao zamani haukugawanywa.

Wiki yenyewe tumeisogeza mpaka baada ya Idd el Hajj, shule zikiwa bado zimefungwa.

Jumamosi, 22 Juni. Siku ya kwanza

Mpunga: debe tatu, 45,000. Mtama kilo kumi, 18,000. Nazi arobaini, 32,000. Mafuta ya taa lita mbili, 6,600. Vibatari viwili, 5,000. Kuni za nyongeza, 15,000, maana mikoko ya mto haikatwi bila kibali, na si jambo la kuvunjia sheria.

Dawa ya chenga tumeipata. Mpunga tuliuanika juani siku mbili kwenye jamvi, na kosa langu la tarehe 8 lilikuwa kuutwanga ukiwa bado na moto wa jua. Uache kivulini usiku mmoja upoe, ndipo utwange. Punje zimetoka nzima robo tatu, labda na zaidi. Kutwanga kwa michi miwili kwa kupokezana ni kitu kingine kabisa: mmoja anainua mwenzake anashusha, na ukipoteza mwendo unagonga mchi wa mwenzio. Wifi yangu na mume wangu wamekuwa hodari kuliko mimi.

Asubuhi uji wa mtama. Mchana wali na mchuzi wa papa kwa tui, ukwaju na bizari. Bibi alisema kwao nyanya haikuwa ya lazima, uchachu ulitoka kwa ukwaju, ndimu au embe bichi. Watoto walikula kimya, nami nilijua kimya hicho ni cha kusifia.

Jumapili na Jumatatu, 23 na 24 Juni. Moto na taa

Moto umezimika usiku mara mbili. Viberiti vilikuwapo 1912, lakini havikuchezewa. Moto ulifukiwa kwa majivu usiku, asubuhi ukafukuliwa, na ukizimika mtoto alitumwa kwa jirani na kigae kupalia makaa. Sisi tulifukia makaa ya mti wa mwembe, nayo asubuhi yalikuwa majivu matupu. Suluhisho lilikuwa uani siku zote: makumbi ya nazi. Weka makumbi mawili makavu juu ya makaa, funika kwa majivu mengi, acha kitundu kimoja upande usio wa upepo. Yanafuka taratibu mpaka alfajiri. Ukiyapuliza tu, moto huo.

Taa ilinipa somo jingine. Utambi wa kibatari nilikata kutoka kanga chakavu, kama bibi alivyoelekeza. Ukatoa moshi mweusi wa harufu mbaya, ukajikunja na kudondosha matone ya moto ndani ya mafuta. Nikauzima haraka kwa mchanga. Bibi alikipapasa kile kitambaa akasema hii si pamba. Kweli, kanga nyingi tunazonunua sasa zimechanganywa na uzi wa kiwandani unaoyeyuka kwa moto. Za wakati ule zilikuwa pamba tupu. Tumia uzi wa pamba uliosokotwa, au utambi wa dukani, na kibatari kikae juu ya sinia la mchanga, mbali na makuti na mbali na watoto.

Binti yangu alijaribu kusoma kwa kibatari. Baada ya nusu saa macho yalimtoka machozi, pua ndani nyeusi. Taa yetu ya sola inachajiwa juani mchana na kumsomesha usiku kucha bila senti. Sitaki mtu aniambie kwamba kibatari kilikuwa na uzuri wake.

Jumatano, 26 Juni. Siku ya tano

Jumla ya saa za kazi za nyumba nzima leo ni 13 na dakika 40, kutoka 17. Mikono imezoea, na hatupotezi kuni. Zikigawanywa kwa watu watano wenye nguvu, kila mmoja anapata chini ya saa tatu, na mchana tumebaki na muda wa kukaa. Hili sikulitarajia. Jioni mume wangu alisuka kamba, wifi alisuka ukili, bibi alisimulia, na hakuna aliyeinamia kioo cha simu. Ni kitu kizuri sana, nakiandika kwa moyo wote, na ningependa kibaki.

Lakini nimeangalia safu ya pili ya daftari. Maji: mjakazi. Kuni: mzalia. Kutwanga: mjakazi. Kukuna nazi: mjakazi. Kupika: mama wa nyumba na mjakazi. Kukaa barazani jioni na kusimulia: wenye nyumba. Ule utulivu uliosimuliwa kwetu, hadi tukaamini watu wa zamani walikuwa na nafasi kuliko sisi, ulikuwa wa watu wachache, na saa zake zilitoka kwa wengine.

Tumezungumza pia hela. Neno lenyewe ni la wakati ule: mwaka 1904 Mdachi aliibadili hesabu, rupia ikaacha kuwa pesa 64 ikawa heller 100, nasi tukaibakisha "hela" mpaka leo hata baada ya rupia kwenda zake. Wanangu hawakuamini, mpaka nilipowaonyesha heller moja ya shaba ambayo bibi anaihifadhi ndani ya kasha.

Ijumaa, 28 Juni. Siku ya saba

Hakuna jipya jikoni. Mtungi umefanya kazi nzuri wiki nzima, maji ni baridi kuliko ya jokofu kwa ladha yangu. Debe moja limetoboka kutu, tumeliziba kwa nta. Mwanangu wa mwisho ameomba wiki nyingine. Wa kati ameomba mkate na chai. Magharibi tumewasha gesi, na nilipoona moto wa buluu unatokea kwa kuzungusha kidole nilijikuta nimesimama nautazama.

Jumapili, 30 Juni. Hesabu

Gharama zote: shilingi 486,600. Jiko na paa ndilo lililokula sehemu kubwa. Makosa yangu, yaani vyungu viwili, marekebisho ya paa na kubadili mafiga, ni 63,000, na kama ungesoma shajara hii kabla ungeziokoa zote. Samaki na viungo sikuhesabu kwa kuwa tungevila hata hivyo. Ukiwa na jiko la nje tayari unaweza kuufanya mradi huu kwa 230,000 hivi. Ukiufanya na wanafunzi, usiwape siku saba. Siku mbili zinatosha, ila daftari la safu mbili lisikosekane, na wazazi wapewe taarifa mapema kwamba habari za nani alitumika nyumbani kwa nani zitaibuka. Kuna nyumba ambazo jeraha hilo liko upande wa pili, na mtoto asikutane nalo mbele ya darasa bila kuandaliwa.

Jiko halibomolewi. Wifi anataka kulitumia kwa pilau za shughuli.

Jumamosi, 6 Julai. Nyongeza

Bibi ameniita leo asubuhi, nikampa shikamoo, akanikalisha. Amelikumbuka jina. La yule wa kinu. Amesema lilimjia usiku, mama yake alikuwa akilitaja alipougua mwisho wa maisha yake, akiliita kana kwamba mwenyewe yuko uani.

Si jina la pwani. Alilitamka mara tatu ili nisikosee herufi, nami nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya jina langu. Hapa silitoi, mpaka tujue kama alizaa, na kama wapo wa kwake wa kuulizwa. Bibi anadhani alihamia Bweni baada ya kuachwa huru na aliolewa huko. Kesho nitavuka.